Takia la Mzee Guk

Kilichompokea Inspekta Tak Hyeon-ju mlangoni kwa akina Guk, asubuhi ya Mwaka Mpya, kilikuwa harufu ya samaki wa kukaanga. Hasira ikampanda pale pale, hata viatu hajavua. Mzee wa miaka themanini na moja hajaonekana tangu jana jioni. Polisi na watu wa zimamoto wamekesha wakipekua kituo cha mabasi na kingo za mto, pua zimewaganda, na watu wake mwenyewe wamewasha jiko wanapika!

"Taratibu, Afande," Sajini Bong alimnong'oneza huku akipanga viatu vyake ukumbini. "Leo siku ya mababu. Nyumba ikiungua, meza inatandikwa kwanza, ndipo maji yanatafutwa."

"Mababu wameshakufa, Bong. Hawana haraka. Mzee yuko nje kwenye baridi."

"Unaniambia mimi? Mwaka jana kitinda mimba wangu alitoka kuinamia meza ya mababu, akageuka kumsalimia babu yake. Akainama mara moja, akainuka, akainama tena. Babu akamzaba kibao cha mgongo. 'Kijibwa wewe, unanizika ningali hai?' Mpaka leo mzee akimwona yule mtoto anashika kifua, anahakikisha moyo bado unadunda."

Bong alicheka peke yake. Tak hakuwa na kicheko. Walio hai huinamiwa mara moja na wafu mara mbili, hilo hata mtoto wa chekechea anafundishwa, na yeye hakuja hapa kusikiliza habari za watoto wa Bong.

Upelelezi wake wote, tangu alipoamshwa, ulikaa juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza lilikuwa neno la mtoto wa kwanza wa mzee, Guk Tae-seop. Alieleza kwamba jana mchana alimpeleka baba yake kwenye Makumbusho ya Ndege za Kivita ya Songha, kama wafanyavyo kila mkesha wa Mwaka Mpya, wanaume wakitembea na wanawake wakibaki na masufuria. Mzee Guk Sang-man alikuwa fundi wa jeshi la anga, fundi wa kuruka na ndege na si wa kuiangalia kutoka chini. Ndege kubwa ya mizigo aliyoihudumia ujana wake wote imeegeshwa pale uwanjani, watu wanapanda ngazi kuingia kupiga picha. Karibu na saa ya kufunga, Tae-seop alikimbilia dirisha la tiketi akihema: baba amepotea, siku hizi anasahau, huwa anataka kwenda kituo cha mabasi.

Figa la pili lilikuwa kamera ya geti kuu. Ilionyesha mtu mwenye koti la bluu lililojazwa manyoya na kofia ya maveterani, koti na kofia za mzee bila ubishi, akitoka peke yake uso chini. La tatu lilikuwa neno la mlinzi, Ham Deok-bae, aliyeapa kwa simu kwamba alikagua kila ndege kabla ya kufunga. Basi makumbusho yakaachwa na leo yamefungwa kwa sikukuu, na dunia nzima ikaenda kumtafuta mzee kituoni.

Jikoni, mke wa Tae-seop, Ok Su-hyang, alikuwa anageuza vipande vya samaki vilivyochovywa kwenye yai. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa moshi.

"Dada, pole," Tak alisema. "Nina maswali mawili tu. Baba mkwe wako ameanza kusahau?"

"Nani kasema?"

"Mume wako."

Su-hyang aligeuza kipande kwa nguvu mpaka mafuta yakaruka. "Kama mume wangu kasema, basi anasahau."

"Mimi nakuuliza wewe."

"Mzee yule anakumbuka chumvi niliyozidisha mwaka nilioolewa, dada. Anakumbuka na sufuria ilikuwa ya rangi gani." Akashusha sauti. "Jana asubuhi aliingia hapa. Baba mkwe, jikoni! Toka nimekuja nyumba hii sijawahi kuona mguu wake ukivuka kizingiti hicho. Akasimama hapo ulipo, akatuangalia mimi na mama mkwe tulivyochoka, akasema, 'Mwaka huu ndio mwisho.'"

"Mwisho wa nini?"

"Su-hyang." Tae-seop alikuwa amesimama mlangoni na vazi lake jeupe la tambiko, kofia nyeusi imenyooka kichwani, uso umenyolewa vizuri. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa. "Supu inapoa. Mababu hawali supu baridi."

"Nilikuwa nazungumza na mkeo, Bwana Guk."

"Baada ya tambiko, Inspekta, zungumza naye mpaka kesho. Unadhani napenda? Moyo wangu unaungua. Lakini baba akirudi akute meza haikutandikwa, nitamwambia nini?"

Alikuwa na jibu kwa kila kitu, na kila jibu lilikuwa na adabu. Tak alimeza alichotaka kumwambia na kwenda kusimama sebuleni kando ya ukuta.

Meza ya mababu ilikuwa imejaa. Matunda mekundu upande wa mashariki, meupe upande wa magharibi, samaki kaelekeza kichwa anapotakiwa kuelekeza, mapeari yamekatwa vichwa, bakuli za supu zinafuka mvuke. Tae-seop alikuwa katibu wa tambiko wa ukoo mzima wa Guk; vijana wa ukoo walitumwa kwake wafundishwe namna ya kushika kikombe. Alimimina pombe ya mchele, akazungusha kikombe juu ya ubani, akapiga magoti na kuinama mpaka paji la uso likagusa mikono sakafuni. Akainuka, akainama tena. Aliposimama akamalizia kwa kuinamisha kiuno, ule mwinamo mdogo wa kuwaaga waliolala. Hakukosea hata kidole. Nyuma yake mkewe aliingia na kutoka na sinia, na hakuna aliyemwambia akae.

Meza ilipomalizika, Tae-seop alimgeukia mama yake. "Mama, kaa tukusalimie Mwaka Mpya."

Bi Yeom alikuwa bibi mdogo wa mwili, mgongo umepinda kama ndoana. "Sitaki salamu. Nataka mume wangu."

"Mama, wageni wapo."

Bibi akakaa, lakini kabla ya kukaa alikokota takia la pili, la hariri ya kijani lililobonyea katikati, akaliweka kulia kwake. "La baba yenu. Atarudi, asikute nafasi yake imeondolewa. Na yeye msalimieni."

Su-hyang alisalimia haraka kwa sababu chakula jikoni kilikuwa kinaungua. Aliinama mara moja kwa mama mkwe na mara moja kwa takia, akafuta machozi kwa kiganja na kurudi jikoni. Kisha ikawa zamu ya Tae-seop. Alimwinamia mama yake mara moja, polepole na kwa heshima. "Mama, uishi miaka mingi." Akasogea mbele ya takia la kijani. Akapiga magoti, paji likagusa mikono, akainuka. Akapiga magoti tena, paji likagusa mikono tena. Akasimama wima na kuinamisha kiuno.

Sajini Bong alikuwa ameacha mdomo wazi. Bi Yeom alimtazama mwanawe, kisha takia, kisha mwanawe, na mikono yake ikaanza kutafuta kitu cha kushika.

Tak ndiye aliyesema kwanza. "Bwana Guk, umemwinamia baba yako mara ngapi?"

"Mara..." Tae-seop alitazama chini alikokuwa amepiga magoti, kana kwamba sakafu ingemsaidia. "Nimechanganyikiwa. Sijalala. Nimetoka sasa hivi kuinamia mababu, mwili umejiendea."

"Mwanangu alifanya hivyo hivyo," Bong alisema. "Ana miaka mitano."

"Mtoto wa miaka mitano hukosea," Tak alisema. "Wewe unafundisha ukoo mzima. Na mwili wako haukujiendea kwa mama yako. Kwa mama umeinama mara moja, kama inavyotakiwa. Umesogea hatua moja kushoto, ukainama mara mbili na kiuno juu yake. Hukukosea chochote. Umefanya sawasawa kabisa, kwa mtu unayejua amekufa."

"Hayo ni matusi! Siku kama hii, mbele ya mababu!"

"Waache mababu, wameshakula. Mama, naomba uangalie kitu." Tak alichuchumaa mbele ya Bi Yeom na kumshikia simu. "Hii ni picha ya kamera ya getini, ya jana. Huyu mwenye koti la bluu."

"Mama haoni vizuri," Tae-seop alisema.

"Naona," Bi Yeom alisema. Aliitazama picha mara moja, akaomba irudiwe. Mtu wa koti la bluu alitoka upande wa kushoto, akapita katikati ya uwanja, akatoka getini. Nyuma yake mlinzi alikuwa anavuta kamba mlingotini. "Huyu wa nyuma anafanya nini?"

"Anashusha bendera, mama."

"Na huyu anapita tu?"

"Anapita tu."

Bi Yeom aliilaza simu sakafuni, uso chini. "Huyu si mume wangu."

"Mama!"

"Nyamaza wewe. Mwanangu," alimwambia Tak, na sauti yake haikuwa ya bibi tena, "siku ya harusi ya binti wa dada yangu tulichelewa, kwa sababu askari wa ng'ambo ya barabara walikuwa wanashusha bendera. Mume wangu akasimama katikati ya njia, mkono kifuani, magari yanampigia honi, madereva wanamtukana mama yake. Hakusogea. Siku nyingine ameshikwa na tumbo, anahangaika choo, wimbo wa taifa ukapigwa, akasimama. Yaliyompata yakampata. Mtu yule apite nyuma yake bendera inashuka, ameingiza mikono mfukoni?"

"Mama, siku hizi anasahau."

"Angesahau jina lako kwanza."

Tak alisimama. Figa moja lilikuwa limeanguka na la pili linayumba. Sasa alijua hasira yake ilipaswa kwenda wapi, na hilo lilimtuliza kidogo. "Bwana Guk, koti la baba yako liko wapi?"

"Amelivaa. Si mmeona?"

"Naomba funguo za gari lako."

"Una hati ya upekuzi? Sheria naijua, Inspekta. Leteni hati, nitafungua."

Kitu kilipita hewani na kugonga kifua cha Bong. Bong alikidaka kabla hakijaanguka. Zilikuwa funguo za gari. Su-hyang alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi, anapumua kama aliyekimbia.

"Gari ni langu," alisema. "Kalinunua baba yangu. Pekueni mpaka chini ya matairi."

"Su-hyang, utajuta."

"Nilishajuta zamani."

Bong hakukawia. Alirudi akiwa ameshika koti la bluu kwa ncha za vidole, nalo limekunjwa na kofia katikati. "Lilikuwa kwenye buti, Afande. Chini ya kasha la mapeari ya zawadi."

Bi Yeom alitoa sauti ndogo, kama ya mtu aliyechomwa na sindano.

"Ulitoka nalo wewe, uso chini," Tak alisema. "Ukazunguka kwa nyuma, kwenye geti la malori, ambalo halina kamera, ukalivua, ukaja kulia kwenye dirisha la tiketi. Na hukulitupa, maana utalihitaji kumvisha tena utakapomhamishia mtoni ili aokotwe huko. Naongea uongo?"

Tae-seop alikuwa anaitazama meza ya mababu. "Alianguka mwenyewe."

"Wapi?"

"Unajua alisema nini? Eti mwaka huu ndio mwisho. Eti tambiko basi, mama na Su-hyang wamekaanga vya kutosha, yeye akifa wampeleke maua tu. Vizazi kumi na vinne, Inspekta! Vita vimepita, njaa imepita, meza ikatandikwa. Yeye aje aifunge kwa sababu wanawake wana mgongo unauma? Nikamwambia, baba, nitauambia nini ukoo? Akanicheka. Ndani ya ile ndege yake, akanicheka mbele ya uso wangu."

"Ukamsukuma."

"Kidogo tu! Akagonga kichwa kwenye chuma. Akalala. Hakupumua."

"Ulimshika mapigo ya moyo?"

Tae-seop alinyoosha mkunjo wa vazi lake.

"Ulikaa naye muda gani?"

"Nimekwambia hakupumua!"

"Uliita mtu? Ulimpepea? Ulimwita jina? Ulifanya nini, Bwana Guk, zaidi ya kumvua koti mzee wa miaka themanini na moja katikati ya baridi?" Tak alikuwa anapiga kelele sasa na hakujali. "Wapi ndani ya ndege? Sema!"

"Mbele. Nyuma ya pazia la marubani."

Bi Yeom aliinuka. Hakuna aliyewahi kumwona akiinuka bila kusaidiwa kwa miaka mingi. Alikwenda mpaka kwenye meza ya mababu, akashika ukingo wake kwa mikono miwili, na akaiinua. Bakuli za supu, samaki, mapeari, ubani, kikombe cha pombe, kazi ya wanawake wawili ya siku mbili, vyote vikaenda sakafuni. Peari moja likabingirika mpaka kwenye vidole vya Tae-seop.

"Waite mababu zako," alisema. "Waambie waje waokote."

Njiani king'ora kililia, barabara tupu, mji mzima uko ndani unakula. Tak aliendesha. Nyuma alikaa Tae-seop na pingu, vazi lake jeupe limepata matone ya supu. Bong alikuwa na simu sikioni na ameiweka kwenye spika ili mkubwa wake asikie.

"Mlinzi Ham, hujambo, heri ya Mwaka Mpya. Jana uliingia ndani ya ndege ya mizigo kabla ya kufunga?"

"Afande, nilishasema jana, nilikagua zote." Nyuma yake kulisikika watoto wakicheka na sahani zikigongana.

"Sikukuuliza kukagua. Nimekuuliza kuingia. Kwa miguu."

Mlango ulifungwa, vicheko vya watoto vikabaki ng'ambo.

"Basi la kwetu lilikuwa linaondoka, Afande," Ham alisema. "La mwisho. Mama yangu mgonjwa. Nilisimama kwenye ngazi nikaita, 'Kuna mtu?' Nikaita kwa nguvu. Hakujibu mtu. Nikapiga kufuli. Kwani kuna nini?"

"Ulituambia umekagua!" Tak alipaza sauti kuelekea simu. "Watu sitini wamekesha mtoni kwa neno lako!"

"Kuna nini, Afande?"

"Kula, kaka," Bong alimwambia. "Kula vizuri. Kesho utahitaji nguvu za kueleza." Akakata. Figa la tatu lilikuwa limekwenda na wenzake.

Uwanja wa makumbusho ulikuwa mtupu. Ndege za kivita zilisimama kwa safu, pua zimeelekea baharini, na bango la kuwatakia wageni sikukuu njema lilikuwa limeng'oka upande mmoja linapigapiga upeponi. Watu wa zimamoto na askari wengine walifika nyuma yao tu. Mkasi wao mkubwa ulikata kufuli ya ndege ya mizigo kama unakata bua, na Tak akapanda ngazi akiwa na tochi kabla hajaambiwa apande.

Ndani kulinuka mafuta ya zamani na vumbi. Alikwenda mbele moja kwa moja, akavuta pazia. Kwenye sakafu ya bati, chini ya chuma cha ukingo wa mlango, kulikuwa na damu iliyokauka. Hapakuwa na mtu.

"Hayupo," Bong alisema. "Afande, katudanganya tena huyu!"

"Ngoja."

Alishusha tochi. Doa lilikuwa na mkia. Alama ya damu na vumbi lililofutwa ilianzia pale, ikapita katikati ya viti, ikaelekea nyuma kwenye mkia wa ndege, imepindapinda, mahali pengine imesimama na kuwa nene kidogo, kisha ikaendelea. Maiti haijivuti. Tak alianza kutembea, na kabla hajafika katikati alikuwa anakimbia.

Mwisho kabisa, ambako wageni hawaruhusiwi, kulikuwa na kabati la chini limefunguliwa, na mbele yake rundo la maturubai mazito, yale ya kufunikia injini wakati wa baridi. Nani angejua yamehifadhiwa humo, kama si fundi aliyekuwa akiyakunja? Tak alipiga magoti na kulifunua la juu, kisha la pili, kisha la tatu. Uso wa mzee ulikuwa wa rangi ya majivu, damu imegandia sikioni, mguu mmoja umelala vibaya. Aliweka vidole viwili shingoni mwake, akafumba macho ili asikie vizuri.

Jicho moja la mzee likafunguka.

"Mlango," Mzee Guk alisema, sauti kama karatasi. "Nani kaacha mlango wazi? Baridi inaingia."

"Machela!" Tak alipiga kelele mpaka bati likaitika. "Leteni machela, yu hai!"

Alivua koti lake mwenyewe na kumfunika. Alitaka kushuka ngazi akamshike yule mtu wa vazi jeupe kooni. Usiku kucha mzee huyu ameita. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kuita.

Walipomshusha, gari la Su-hyang lilikuwa limesimama vibaya mbele ya geti, milango wazi, ingawa polisi waliwakataza kuja. Bi Yeom alikuwa anakatiza uwanja kwa hatua zake fupi, mkwewe akimshika kiwiko. Alifika kwenye machela, akashika mkono wa mumewe, akaupuliza kwa pumzi yake kama unavyopulizwa moto.

"Meza," mzee alisema. "Wamekutandikisha meza?"

"Nimeipindua."

Mzee alifikiri juu ya hilo. "Yote?"

"Yote. Na samaki."

"Vizuri," alisema, akafumba jicho.

Tae-seop alikuwa ameteremshwa garini, kashikwa bega na askari. Alipoona mtu wa kwenye machela anapumua alianguka kwa magoti pale pale sementini. "Baba! Baba, nilidhani umekufa! Naapa, mababu ni mashahidi, nilidhani umekufa!"

"Ngojeni," Bi Yeom aliwaambia wabeba machela.

"Bibi, lazima tuwahi hospitali."

"Neno moja tu." Alimgeukia mwanawe. Hakupaza sauti, na Tak alitamani angepaza. "Baba yako hajasalimiwa Mwaka Mpya. Inama."

Tae-seop alimtazama mama yake, kisha pingu zake. Aliweka mikono iliyofungwa mbele, akaishusha, na paji la uso wake likagusa sementi baridi.

"Mara moja," Bi Yeom alisema.

Akapanda gari la wagonjwa kumfuata mumewe, Su-hyang akapanda nyuma yake bila kumtazama mtu, na milango ikafungwa. King'ora kilianza, kikafifia upande wa mjini. Upepo uliendelea kulipiga lile bango. Tae-seop alikuwa bado chini, kofia nyeusi imemtoka, mgongo mweupe unapanda na kushuka.

"Afande," Bong aliuliza, "nimwinue?"

Inspekta Tak alikuwa anatafuta koti lake, akakumbuka limekwenda hospitali.

"Mwache hapo kidogo," alisema. "Huyu akiinuka, atainama mara ya pili."